UZI: Beit al-Ajaib. Kabla ya kuuliza mnara utarudi lini, tuzungumze maji, chuma na chokaa

BarazaLaShangani (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wadau. Uzi huu ni wa Beit al-Ajaib, na naomba uwe wa mafundi na wakaazi. Kila likitajwa jumba lile watu hukimbilia mnara wa saa ulioanguka: utarudi, hautarudi, utafanana na ule au hautafanana. Mnara ni kazi ya mwisho. Kazi ya kwanza ni kujua jumba lenyewe limesimama kwa kitu gani.

Kwa wageni wa mada: Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, alilijenga mwaka 1883 liwe jumba la sherehe, likitazama bahari pale Forodhani. Halikuwa la kulala. Ndilo lililokuwa la kwanza Zanzibar kuwaka umeme, likatiwa na lifti, na hapo watu wakaliita la ajabu. Mnara uliokuwepo mwanzo ulisimama peke yake mbele ya jumba, ulikuwa na taa ya kuongozea vyombo. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipopiga makombora kwa muda usiofika saa moja, mnara ule uliharibika na jumba la jirani, Beit al-Hukm, likabomoka. Beit al-Ajaib ilisalimika. Mnara wa saa tunaoukumbuka sisi ulipachikwa kwenye uso wa jumba mwaka 1897, yaani miaka 14 baada ya jumba lenyewe. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

Tangu 1911 likawa ofisi za serikali ya Waingereza, baada ya Mapinduzi ya 1964 likatumiwa na chama cha ASP (Afro-Shirazi), na mwanzoni mwa miaka ya 2000 likawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na mwambao. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ya nyuma iliporomoka. Matengenezo makubwa kwa fedha za Oman yakaanza, na tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini, sehemu kubwa ya mbele ikaanguka pamoja na mnara. Watu wawili walipoteza maisha. Mungu awarehemu.

Nani alikosea si mada ya uzi huu. Mada ni hii: jumba la namna hii linatengenezwaje, na sisi tunaoishi chini yake tunataka nini kwalo. Wahandisi na waashi, karibuni.

---

kijana_wa_Ngambo

Ahsante mkuu. Swali la mtu asiye fundi: kwa nini lisimwagwe zege jipya lote, nguzo za nondo, halafu uso ukapakwa ufanane na wa zamani? Si itakuwa imara zaidi na rahisi?

---

Timazi

Kijana, swali lako ni zuri na ndilo linaloulizwa hata ofisini, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Nyumba ya kawaida ya Mji Mkongwe ni kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita na zaidi, na dari ya boriti za mikoko. Boriti haivuki mbali. Ukiacha mita mbili na nusu mpaka tatu kutoka ukuta hadi ukuta umefika mwisho wake, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Barghash alitaka kumbi pana na roshani za kulizunguka jumba ghorofa kwa ghorofa. Boriti haiwezi. Akaleta nguzo za chuma cha kusubu na mihimili ya chuma kutoka ng'ambo, na juu ya mihimili hiyo zikaja sakafu za zege la zama zile. Kwa fundi, hiyo ndiyo ajabu yenyewe kuliko umeme: mwili wa mawe ya Unguja umefungwa mkanda wa chuma cha kiwanda.

Ugonjwa wake unatokea hapo hapo. Mawe na chokaa hupumua, hunyonya unyevu na kuutoa. Chuma kikikaa ndani ya unyevu wenye chumvi ya bahari kinashika kutu, na kutu inachukua nafasi mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwepo. Inavimba, inapasua zege lililoifunika, inaunyanyua ukuta pale mhimili ulipoingizwa. Ufa mdogo unaingiza maji zaidi, maji yanaleta kutu zaidi. Ukiona ufa wa mlalo unaofuata mstari wa sakafu kwa nje, usiuzibe kwa plasta. Huo ni mhimili unakwambia umeanza kuvimba.

Sasa hilo zege lako. Ukiweka fremu ya nondo ndani ya kuta za matumbawe zilizobaki, una vitu viwili vyenye tabia mbili. Ukuta wa chokaa unajongea kidogo kidogo kwa joto, mvua na msingi unapotulia, na haupasuki sana kwa sababu chokaa ni laini. Fremu haijongei. Vinapokutana, kinachovunjika ni kile dhaifu, nacho ni ukuta wa asili. Na ukibomoa kuta zilizobaki ili umwage zege lote, utakuwa na jengo jipya lenye sura ya zamani. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000 kwa mji halisi uliopo, na sura peke yake haitoshi.

Zege jipya si haramu. Kuna mahali litahitajika, hasa kwenye msingi wa mnara. Mwanzisha uzi amesema mnara uliongezwa 1897. Maana yake kuna kiungo kati ya ukuta wa 1883 na uashi wa 1897, na kiungo cha namna hiyo hakifumwi vizuri kama ukuta uliopanda kwa pamoja. Mnara ukirudi, ujengwe juu ya msingi wake wenyewe, uzito wake ushuke wenyewe mpaka chini, usiegemee roshani wala ukuta wa mbele.

---

kijana_wa_Ngambo

Nimeelewa mkuu. Na hizo nguzo zenyewe zinatengenezeka?

---

Timazi

Nyingi zinatengenezeka. Chuma cha kusubu ni kigumu kwa kubebeshwa, dhaifu kwa kupindwa au kuvutwa. Nguzo ikiwa wima na mzigo ukishuka katikati yake, inakaa karne. Sakafu ikilala upande mmoja, nguzo inapindwa, na haitoi onyo kama feleji. Inakatika ghafla.

Kwa hiyo mambo matatu. Moja, usiichomelee kwa mashine ya kawaida ya mtaani. Joto la ghafla linaipasua pembeni mwa weldi. Ufa hushonwa kwa baridi, kwa vipande vya chuma vinavyopigiliwa ndani ya matundu yaliyotobolewa kuuvuka ufa, au hufungwa vikuku vya bolti. Pili, kutu isafishwe kwa brashi ya waya na mkono wenye subira, kisha ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikauke, ipakwe rangi ya msingi yenye zinki siku hiyo hiyo. Ukiiacha usiku mmoja kwa upepo wa Forodhani, asubuhi imeshakuwa nyekundu tena na rangi yote itabanduka. Tatu, chunguza kitako. Maji yakituama chini ya nguzo, kutu inaila pale usipopaona, na juu inang'ara kama mpya.

Jambo ambalo nataka kila msimamizi alisome mara mbili ni uegemezaji. Huruhusiwi kuweka majeki juu ya sakafu ya ghorofa ya pili ili kushikilia ya tatu, kisha ukaridhika. Mzigo umeuhamisha tu. Majeki yaanze ardhini, juu ya mbao nene za kusambaza uzito, yapande ghorofa kwa ghorofa, kila moja likiwa juu kabisa ya lenzake, nafasi ya mita moja hivi kati yao. Kazi ya kubomoa sehemu mbovu iende vipande visivyozidi mita moja, ukiruka: cha kwanza, cha tatu, cha tano, halafu unarudi kwa cha pili. Na mawe yaliyobomolewa yateremshwe siku hiyo hiyo. Kifusi kilichorundikwa juu ya roshani iliyochoka ni mzigo ambao hakuna aliyeupigia hesabu.

---

Bi_Kiponda

Maalim Timazi ahsanta. Nataka niongeze la wakaazi. Wakati wa kazi, njia za watembea kwa miguu zifungwe kikwelikweli. Forodhani jioni kuna watoto, kuna wauza urojo na mishikaki, kuna wageni. Eneo la usalama chini ya ukuta ulioegemezwa lisiwe pungufu ya urefu wa ukuta wenyewe. Utepe wa plastiki haumzuii mtoto.

---

mkulima_Donge

Samahanini, nitasema lililo moyoni. Hili ni jumba la Sultani. Mali iliyolijenga ni ya karafuu, na karafuu zililimwa na watumwa. Mimi wa shamba linanihusu nini? Pesa hiyo ingejenga shule na vituo vya afya.

---

Bi_Kiponda

Kaka wa Donge, hukukosea na wala usiombe radhi. Barghash huyo huyo ndiye aliyetia saini Juni 1873 mkataba wa kufunga soko la watumwa, chini ya shinikizo la Waingereza, na utumwa wenyewe mashambani haukuisha siku ile. Jumba la 1883 limesimama katikati ya historia hiyo. Ukilitengeneza na kuandika ukutani habari za lifti na umeme tu, umedanganya watoto.

Lakini tazama nani aliyelijenga kwa mikono. Mawe yamechimbwa hapa Unguja. Chokaa imechomwa hapa. Jumba la Sultani ni kazi ya watu wa hapa, na likianguka ni kazi yao inayoanguka. Nalo halikubaki la Sultani. Lilikuwa ofisi ya mkoloni, likawa la chama baada ya Mapinduzi, likawa makumbusho ambayo ndani yake kulikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, wa mfano wa vyombo vya mababu wa mwambao mzima.

Kwa hiyo madai yetu yawe haya: likirudi liwe makumbusho wazi kwa wakaazi, chumba kizima kielezee shamba na mtumwa na karafuu, na mtoto wa Donge aingie bure. Likirudi kuwa hoteli, nitasimama upande wako.

---

mkulima_Donge

Hapo tumekubaliana dada. La chumba cha shamba lisisahauliwe.

---

FundiWaAmu

Salamu kutoka Lamu. Naona chokaa imetajwa tu kwa jina. Hapo ndipo kazi nyingi za ukarabati huharibika, na si Unguja pekee.

Chokaa njema yaanza kwa jiwe. Tumia jiwe la matumbawe la machimbo ya nchi kavu, usitoe hai baharini. Tanu, yaani tanuri la kuchomea chokaa, hupangwa magogo kwa duara, mawe juu, na moto ushike sawasawa pande zote. Matumbawe yataka joto la karibu nyuzi 900. Pande ambayo haikuiva hutoa mawe yenye kiini kigumu. Hayo yachekechwe na kutupwa. Yaliyoungua kupita kiasi nayo hayazimiki upesi: yakiingia kwenye plasta, baada ya miezi yatavimba na ukuta utatoa vipele.

Baada ya kuzimwa kwa maji, ichujwe kwa chekeche laini, ikae shimoni imefunikwa kwa maji miezi mitatu kwa uchache. Kadiri ikaavyo ndivyo inavyokuwa laini kama siagi. Mkandarasi anayekwambia chokaa ya wiki mbili inatosha anatazama mkataba wake, hatazami ukuta wako.

Vipimo: plasta, chokaa moja kwa mchanga tatu. Mchanga uwe wa shimo, si wa ufukweni. Jaribio la chupa: jaza mchanga nusu, ongeza maji, tikisa, acha mpaka kesho. Tope likikaa tabaka nene juu, uoshe au tafuta mwingine. Chumvi ionje kwa ulimi, ni kipimo cha zamani na hakijapitwa. Ukuta uloweshwe maji kabla. Tabaka lisizidi milimita 15, la pili lisubiri la kwanza likaze, na lote lifunikwe magunia mabichi kwa wiki nzima. Jua la Januari na kaskazi likiikausha kwa siku moja, plasta haikuiva bali imekauka tu, utaifuta kwa kidole ikatoka unga. Mwisho paka chokaa ya maji mikono minne au mitano myepesi. Mkono mmoja mzito hubanduka.

Na boriti: mwaka 2018 Kenya ilipopiga marufuku ukataji miti, boriti za Lamu nazo zilikamatika. Mradi wowote mkubwa upange boriti zake mapema, kwa kibali, na zichaguliwe kwa unene: pau kwa juu, boriti kwa kubeba. Zikauke kivulini, maganda yatolewe, na kichwa kinachoingia ukutani kipakwe dawa ya mchwa. Kichwa hicho ndicho kinachooza kwanza kwa sababu hakioni hewa.

---

mpangaji_Malindi

Nimefurahi kuona uzi unafika kwetu. Mji Mkongwe una majengo karibu 1,700 na mengi hayana mfadhili. Swali kwa niaba ya wapangaji wa nyumba za serikali na za wakf: ukuta umetoka tumbo upande wa kichochoro, kuna rutuba, yaani unyevu, chini kimo cha mita moja, na mtu alishapiga plasta ya saruji. Tuanzie wapi?

---

FundiWaAmu

Anzeni juu ya paa, bwana. Rutuba ya chini hutoka ardhini, lakini tumbo la ukuta mara nyingi hutoka juu. Ukuta wetu ni nyuso mbili za mawe na katikati kifusi cha mawe madogo, chokaa na udongo mwekundu. Mlizamu ukiziba, maji ya paa yanaingia kichwani mwa ukuta, yanachukua udongo wa katikati taratibu na kuuteremsha. Chini unajaa na kusukuma, juu unabaki mtupu. Gonga kwa kitako cha nyundo kuanzia chini: penye mlio wa ngoma pana uwazi.

Saruji iondoeni kwa tindo na nyundo ndogo, si mashine ya kutoboa. Inafungia maji ndani, nayo hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Ikiwa imeshika sana mpaka inang'oa jiwe, acheni kipande hicho, endeleeni pengine. Baada ya kuitoa uacheni ukuta uchi miezi kadhaa, upigwe na hewa. Chumvi itatoka nje kama unga mweupe: fagieni kavu, msiuoshe, mkiosha mnairudisha ndani.

---

Timazi

Niongeze kwenye tumbo. Kabla ya kulijaza, shikilieni uso wa nje kwa mbao na mirunda. Toboeni matundu ya milimita 12 hadi 16 kila nusu mita, mpishano. Mwagieni maji kusafisha vumbi, halafu tieni uji wa chokaa mwembamba uliochanganywa na unga wa matofali ya kuchoma, ili ukaze hata pasipo na hewa. Anzieni chini. Msipande zaidi ya mita moja kwa siku: uji ukiwa bado maji unasukuma, na utaangusha kile mnachotaka kukiokoa. Uji ukitokeza kwenye tundu la jirani, zibeni, songeni mbele. Tumbo likizidi theluthi ya unene wa ukuta, uji hautoshi. Hapo uso ufunguliwe kipande kwa kipande na kujengwa upya, mkilaza mawe marefu ya kufunga nyuso mbili pamoja.

Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kitafutwe kabla ya haya yote, hata kwa plasta.

---

Mtrah_Muscat

Amani kwenu nyote. Huku Oman jumba hilo lina wenyewe pia, familia nyingi za hapa zina bibi na babu waliozaliwa Unguja na Kiswahili kimo majumbani. Nashauri jambo la kiufundi. Ngome za huku zilitengenezwa kwa saruj ya asili, udongo uliochomwa ukasagwa ukachanganywa na chokaa. Neno saruji mnalotumia kwa simenti limetoka huko. Mtu asije akaleta saruj ya Oman akapaka kuta za Unguja kwa sababu tu inaitwa ya jadi. Ile ni ya udongo wa huku. Unga wa matofali aliousema ndugu Timazi unafanya kazi hiyo hiyo na unapatikana kwenu.

Swali langu ni milango ya ndani, ile mikubwa yenye aya za Kurani zilizopakwa dhahabu. Inahifadhiwaje wakati wa ujenzi?

---

Bi_Kiponda

Karibu sana nyumbani. Mlango mzito usiachwe ukiwa umeegemea ukuta. Mbao zinapinda na nakshi zinaachana kwenye viungo. Ulazwe juu ya mbao za kunyanyua, hewa ipite chini, ufunikwe kwa kitambaa cha pamba. Nailoni inafanya jasho na kuota ukungu. Dhahabu isifutwe kwa maji wala kwa mafuta. Vumbi liondolewe kwa brashi laini na mtu aliyefunzwa.

Kabla ya hapo, kila kipande kiwe na namba: mlango, fremu, vipande vya marumaru za sakafu, vichwa vya nguzo. Namba ya chuma iliyofungwa kwa waya, kwa sababu wino wa kalamu unafutika kwa mvua moja. Namba hiyo iwe kwenye mchoro na kwenye picha. Kifusi nacho kichambuliwe. Jiwe la matumbawe lililotoka ukuta wa 1883 linaweza kurudi ukutani, ila kwanza lisafishwe chokaa kuukuu, likae kwenye mvua za masika likatoe chumvi.

---

kijana_wa_Ngambo

Bi Kiponda, na sisi vijana tunaingia wapi? Tunaona mafundi wanatoka nje, wakimaliza wanaondoka na ujuzi wao.

---

BarazaLaShangani

Hilo ndilo nililolitaka lifike. Mkataba wa kazi kama hii uandikwe idadi ya wanagenzi kwa kila fundi mkuu, wa Unguja na Pemba, wa kike na wa kiume, na kazi watakazozimaliza kwa mikono yao: kuchoma tanu moja, kuzima na kuchuja chokaa, kujenga mita kadhaa za ukuta, kupiga dari ya boriti, kushona nguzo moja. Asiyezimaliza asihesabiwe amefunzwa. Mradi ukiisha watu hao ndio watakaokwenda kwenye kuta za Malindi na Kiponda.

---

Timazi

Na wa kwanza waanze kupima nyufa, maana hilo halingoji mkataba wala mfadhili. Pande mbili za ufa pigilia misumari miwili midogo ya shaba, pima umbali wake kwa kalipa (kifaa cha kupimia milimita), andika tarehe na saa. Rudi kila wiki, saa ile ile, kwa sababu ukuta wa mchana si ukuta wa alfajiri. Endelea mwaka mzima, upite masika na vuli zote mbili. Ufa uliokaa vile vile mwaka mzima unajazwa kwa chokaa. Ufa unaofunguka masika na kufunga kiangazi ni wa msingi au wa maji, ufuatilie chini. Unaofunguka bila kurudi, ondoeni watu chumbani siku hiyo hiyo kisha mwite mhandisi. Nitaweka jedwali la kujazia hapa chini ya uzi, wenye kuhitaji walinakili.

---

mpangaji_Malindi

Lete jedwali mkuu. Vyumba vinne vipo tayari.